Majabari wa Katuni na Ghadhabu ya Mwalimu

Siku moja baada ya swala ya alasiri alinijia mtu mmoja wa makamo, amebeba mfuko mzito. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtambua kwa sura. Alikuwa mwanafunzi wangu chuoni katika mwaka wa 1993, wakati huo akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, na sasa ana watoto wake. Baada ya kuamkiana na kuulizana khabari za nyumbani, alitoa katika mfuko ule vitabu vikubwa vya katuni akaviweka mbele yangu. "Maalim," aliniambia, "wanangu wanavisoma hivi. Nataka uvisome wewe kwanza, kisha uniambie niwaachie au niwanyang'anye."

Sikuweza kumjibu mara moja, kwani nilikumbuka jambo ambalo yeye kwa adabu yake hakulitaja. Katika mwaka ule wa 1993 nilimkuta darasani ameficha gazeti la katuni la namna hii hii ndani ya juzuu yake. Nilighadhibika. Nililichana vipande vipande mbele ya wenziwe; wao wakamcheka, naye akalia. Sikulisoma hata ukurasa mmoja. Nimekaa miaka zaidi ya thelathini nikijihesabu kuwa siku ile nilitimiza wajibu wangu.

Basi safari hii nilisoma. Kiingereza changu ni cha kujifundisha mwenyewe, na pale kiliponishinda mjukuu wangu alinisaidia. Nayaandika niliyoyaona kwa kuwa hadithi za majabari hawa zimo ndani ya nyumba zetu, kwa vitabu na kwa filamu, na wazazi wengi hawazijui ila kwa picha za nje. Mtu hahukumu kesi kwa kuutazama mlango wa mahakama.

Kwanza yatupasa tujue vitabu hivi ni nini. Hadithi zilizomo si mpya. Zilitoka Marekani katika miaka ya tisini, kwa magazeti membamba yaliyouzwa kila mwezi na kampuni ya Marvel. Khabari zake ni za kundi liitwalo X-Men, lililobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika mwaka wa 1963: watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida, wanaochukiwa na kuogopwa na majirani zao, na mwalimu mmoja, Charles Xavier, aliyewafungulia skuli ili wajifunze kuzitumia nguvu zao kwa kheri. Mwalimu huyu hukaa juu ya kiti cha magurudumu, lakini anao uwezo wa kuingia katika akili za watu. Adui yake mkubwa ni Magneto, ambaye zamani alikuwa rafiki yake. Huyu ni mtu aliyenusurika katika kambi ya mauti ya Wanazi, akatoka humo na itikadi kwamba wanaodhulumiwa hawana budi kutawala ili wasalimike.

Kundi hilo lilipendwa mno. Gazeti lao jipya nambari 1 la mwaka wa 1991, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Jim Lee, liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, na likaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Lakini tusidanganyike na hesabu hiyo. Gazeti lile lilitolewa kwa majalada matano mbalimbali, na wako walioyanunua yote matano, hali ya kuwa hadithi ndani ni ile ile moja.

Wachuuzi walipoona biashara imeshika, wakazidisha hila. Hadithi moja waliikata vipande, kila kipande wakakitia katika gazeti jengine. Iliyoitwa X-Cutioner's Song, ya mwisho wa 1992 na mwanzo wa 1993, ilikuwa na sehemu 12 zilizogawiwa katika magazeti manne, kila sehemu imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya picha. Mtoto aliyekuwa akinunua gazeti moja tu alilazimika kununua manne, ama sivyo abaki na hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Nilimwuliza mwanafunzi wangu kama alipata kuujua mwisho wa hadithi niliyoichana. Alicheka, akasema: "Hata ungaliniachia, Maalim, nisingaliujua. Mwisho wake ulikuwa katika gazeti jengine."

Biashara ya namna hii haina baraka. Watu wakinunua kitu kwa tamaa ya kuja kukiuza ghali kesho, kesho hufika, na kila mmoja akakuta jirani yake anacho kile kile sandukuni. Soko likaporomoka, na mwishoni mwa 1996 kampuni yenyewe ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika.

Vitabu vikubwa nilivyoletewa ni vipande vile vilivyokusanywa na kushonwa pamoja. Hapa ndipo ilipo faida yake ya kwanza, na pia aibu yake ya kwanza. Faida ni kwamba msomaji sasa anaipata hadithi nzima, wala halazimishwi kuifukuzia kutoka duka hadi duka. Aibu ni kwamba viraka vimefichuka. Mchoraji hubadilika kila baada ya kurasa ishirini na kitu, na mtu aliyekuwa mwembamba huwa bonge la pande la mtu alipofungua mlango wa chumba cha pili. Maneno ya kujieleza hurudiwa tena na tena, kwa kuwa yaliandikwa kwa mnunuzi wa mwezi ule asiyejua yaliyopita. Nguo za wanawake wengi ni za kuwavua heshima kuliko kuwasitiri, na hili mzazi asijitie kutoliona.

Iko aibu nyengine inayotuhusu sisi wa pwani hii khasa. Katika kundi hilo yumo mwanamke aitwaye Storm, mwenye uwezo wa kuamrisha mvua na upepo. Mama yake ni Mkenya, na alipoletwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1975 alionyeshwa yuko Kenya, na wanakijiji wakimwabudu kama mungu ili awape mvua. Mwenyewe amechorwa mwenye haiba na busara, na katika vitabu hivi ni kiongozi anayesikilizwa. Lakini wale waliomlaki kwa magoti hawana majina, hawana dini inayojulikana, wala lugha. Waandishi walitaka mahali pa mbali pasipokuwa na watu wa kuwajibu, wakaandika Kenya. Watoto wetu waambiwe hivyo waziwazi.

Baada ya kuyasema hayo ya kulaumu, sasa niseme lililonikalisha usiku nikisoma. Vitabu vitatu, yaani Fatal Attractions ya 1993, Age of Apocalypse ya 1995 na Onslaught ya 1996, vikisomwa kwa kufuatana ni hadithi ya jambo moja: mwalimu aliyeghadhibika mbele ya wanafunzi wake.

Katika Fatal Attractions, mmoja wa wanafunzi wakubwa, Colossus, amefiwa na dada yake mdogo kwa maradhi yasiyo na dawa. Siku ya maziko haoni faraja katika maneno ya mwalimu wake, akamfuata Magneto. Kisha katika gazeti la 25 la X-Men, lililoandikwa na Fabian Nicieza na kuchorwa na Andy Kubert, Xavier na wanafunzi wake wanamwendea Magneto huko angani alikojenga makao yake. Katika mapigano, mwanafunzi aitwaye Wolverine anamjeruhi Magneto vibaya. Magneto anaamrisha chuma. Basi akakivuta chuma kilichoambatana na mifupa ya Wolverine, kikamtoka kwa kupenya nyama na ngozi. Ni picha ya kutisha, wala sipendi mtoto mdogo aione.

Lakini la kutisha zaidi ni linalofuata. Xavier, aliyefundisha maisha yake yote kwamba akili ya mtu ni haramu kuvunjwa, anaingia katika akili ya rafiki yake wa zamani na kuizima kama mtu azimaye taa. Magneto anabaki mwili usio na mtu ndani. Wanafunzi wanatazama.

Hapo nilikiweka kitabu chini. Ni nani aliyefundisha asiyeijua hali hiyo? Mwalimu anatukanwa, au anaumiziwa mtoto aliye katika dhamana yake, na mara moja mafundisho yake yote huwa mazito mkononi na ghadhabu ikawa nyepesi. Tena hujiona kuwa yuko katika haki! Sisi twalijua fundisho mashuhuri kwamba ushujaa hauko katika kumwangusha mwenzio mwereka, uko katika kuimiliki nafsi wakati wa ghadhabu. Waandishi hawa wa Marekani, kwa njia yao, walifika mlangoni mwa fundisho hilo. Na Wolverine, aliyenyang'anywa chuma chake, anagundua katika gazeti linalofuata kuwa makucha aliyodhani ni ya kutiwa na watu yalikuwa mifupa yake mwenyewe tangu hapo; kisha akaiacha skuli. Kwa hivyo mwalimu alikwisha kumpoteza Colossus, na sasa anampoteza Wolverine.

Kitabu cha pili, Age of Apocalypse, ndicho kilicho bora kuliko vyote. Mtoto wa Xavier aitwaye Legion, ambaye babake hakumlea, anarudi katika zama zilizopita ili amwue Magneto, akidhani kwa kufanya hivyo atamridhisha baba. Xavier, akiwa bado kijana, anajitupa mbele ya rafiki yake, na mtoto akamwua baba. Sisi tuliokulia katika khabari za Fumo Liyongo tunajua uchungu wa jabari anayeuawa kwa mkono wa mwanawe. Mtoto wa Liyongo aliahidiwa fadhila na maadui wa babake. Huyu wa Marekani hakuahidiwa kitu na yeyote. Alitaka kupendwa tu, na hilo ndilo linaloitia hadithi yake huzuni.

Xavier alipokufa kabla ya kuifungua skuli yake, dunia yote iligeuka. Kwa miezi minne magazeti yote ya kundi hilo yalibadilishwa majina, na hadithi ikaingia katika ulimwengu ambao mwalimu yule hakuwahi kufundisha. Dhalimu aitwaye Apocalypse anatawala na kuwaua wanyonge. Tazama sasa hali za wanafunzi. Beast, aliyekuwa mtaalamu mpole, amekuwa mtesaji wa watu katika maabara. Cyclops, aliyekuwa mkubwa wa darasa, anawatumikia madhalimu, ingawa dhamiri yake haijafa, na mwisho ikamwamsha. Akili ni zile zile na nguvu ni zile zile. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kuwaambia nguvu hizo ni za nini. Sijasoma katuni nyengine iliyoisema thamani ya mwalimu wazi namna hii, tena kwa kumtoa mwalimu mwenyewe katika kitabu.

Na ni nani aliyeshika mahali pake? Magneto. Yule rafiki aliyenusurika kwa damu ya Xavier ameichukua amana yake, akalianzisha kundi la X-Men, na mwanawe akampa jina la Charles. Kisha anamjia Bishop, mtu mmoja tu anayekumbuka kuwa dunia ilikuwa vyengine, naye amechakaa na watu wanamwona mwendawazimu. Anamwambia Magneto kuwa ulimwengu huu ni kosa na inafaa urudishwe. Magneto anajua maana yake: ulimwengu ukirudishwa, mkewe hatakuwa mkewe, na mwanawe hatakuwa amezaliwa kabisa. Akakubali. Mwisho wa kitabu mabomu yanashuka, na yeye amewakumbatia mke na mtoto.

Humo imo pia khabari ya Colossus, ambaye katika ulimwengu ule ni mwalimu wa vijana yeye na mkewe. Anawapeleka wanafunzi wake kumwokoa dada yake aliyefungwa, na alipompata alilizuia lango lisifunguliwe ili adui asimfikie dada, na wanafunzi wake wakabakia upande wa pili. Scott Lobdell aliiandika sehemu hiyo na Chris Bachalo akaichora. Hakuna mahubiri yoyote ndani yake. Msomaji anaachiwa lango lililofungwa na mwalimu aliyechagua. Mjukuu wangu aliniuliza: "Babu, alifanya vibaya?" Tulizungumza mpaka adhana ya isha.

Sasa tuje katika kitabu cha tatu, ambacho ndicho kilichonighadhibisha. Baada ya ulimwengu kurudishwa ulivyokuwa, hesabu ya Xavier ilikuwa bado haijalipwa. Waandishi walikumbuka, nawasifu kwa hilo. Walisema kwamba siku ile alipoizima akili ya Magneto, uovu wa yule uliingia ndani yake, ukachanganyika na hasira zote alizozimeza kwa miaka mingi, vikazaa kiumbe kiitwacho Onslaught, na mwalimu mwenyewe hana khabari. Fikra hii ni nzuri sana. Ghadhabu haiishi pale unapomaliza kupiga. Huhamia ndani, ikala na kunywa nawe mezani.

Lakini wameiharibu. Waliifanya ghadhabu ile kuwa jitu lenye deraya kubwa na pembe, lisimame njiani New York lipigwe. Baadaye mwalimu anatolewa ndani yake kama mtu anayetolewa kisimani, na kutoka hapo ovu liko kule na yeye yuko huku. Ya mtu na nafsi yake yakageuka kuwa vita vya mtaani. Kisha wakaisambaza hadithi hata katika magazeti ya Spider-Man, Hulk na Punisher, ambao hawakuwa na lao katika jambo la mwalimu na wanafunzi wake. Kitabu kikavimba kurasa kwa kurasa za majumba yanayoanguka.

Mwisho wake majabari wa makundi mawili makubwa, Avengers na Fantastic Four, wanajitoa mhanga ili jitu lile lishindwe. Msomaji wa 1996 alitakiwa alie. Machozi hayajakauka, katika mwaka ule ule majabari wale wale wakauzwa upya katika magazeti mapya yenye nambari 1, yakitengenezwa na Jim Lee na Rob Liefeld, na baada ya mwaka mmoja na kidogo wakarudishwa nyumbani wazima. Kumbe kile kifo kilikuwa tangazo la biashara. Mtu akisoma gazeti moja moja huenda asilione hili. Akisoma vitabu vilivyokusanywa hawezi kutoliona, na ndiyo maana nasema kuwa mkusanyo ni hakimu mwadilifu kuliko mkosoaji yeyote.

Ili nisidhulumu, niseme kwamba Xavier baada ya yote hayo alijisalimisha kwa serikali, naye amepoteza uwezo wake. Hilo ni jambo la heshima. Lakini limepewa kurasa chache mno, na haraka. Kurasa za kupigana ni mamia; za mwalimu kuwatazama usoni wanafunzi aliowaogofya na kuwaambia "nimekosa" ni za kutafuta kwa taa. Waandishi walijua kuchora nguvu za kila namna, ila nguvu ya kuomba radhi iliwashinda kuichora.

Basi nilimwita mwanafunzi wangu, nikampa jawabu. Wadogo wasivione vitabu hivi, kwa zile picha za kutisha na za utupu. Wakubwa waachie, lakini usiwaachie peke yao. Kisomeni Age of Apocalypse pamoja, uwaulize kuhusu lile lango na kuhusu yule baba aliyekubali kumpoteza mwanawe. Wakifika katika Onslaught, waulize ni nani aliyekosa, na kama kweli alilipa.

Kisha nikamwambia lililokuwa langu. Nilimwomba radhi kwa gazeti lile la 1993. Aliinamisha kichwa, akasema: "Yamepita, Maalim." Ni mtu mwema. Lakini ndilo neno lile lile ninalowalaumu waandishi kwa kulisema: yamepita, fungua gazeti jipya nambari 1. Kosa langu sikulifanya faraghani nikasamehewa faraghani. Nililifanya mbele ya darasa, na wapo miongoni mwa watoto wale ambao leo ni waalimu, na huenda walijifunza siku ile namna ya kuchana.

Kwa hivyo Jumamosi iliyofuata niliwasimulia wanafunzi wangu wa sasa kisa chote, cha gazeti na cha machozi, naye mwenyewe nikamwomba awepo. Hawakucheka. Mmoja aliuliza kama lile gazeti laweza kupatikana tena. Nikamwonyesha kitabu.

Wabillahi tawfiq.